Mazoezi ya Kungojea Goti Jipya

Nilifundisha sayansi katika shule za msingi za Goma maisha yangu yote ya kazi, na sidhani kuna kitu nilichochora ubaoni mara nyingi kuliko mifupa ya mtu. Mfupa wa paja nilikuwa nauchora nikiwa nimewageukia watoto, mkono ukienda wenyewe. Chaki nyeupe kwa mifupa, chaki nyekundu kwa damu. Misuli sikuichora. Ilikuwa mingi mno na kipindi kilikuwa kifupi. Kwa hiyo nilipostaafu, na goti langu la kulia likaanza kuniudhi, nilikuwa mwanamke anayeijua mifupa yake yote na asiyejua ni kitu gani kinachoishika isianguke chini.

Goti lilianza kwa kuuma wakati wa kushuka ngazi za kanisa. Baadaye likawa linauma hata nikiwa nimekaa. Choo chetu cha uani, pale Katoyi, ni cha kuchuchumaa, na mume wangu aliona jinsi nilivyokuwa nikishika ukuta, akachukua kiti cha zamani, akatoboa katikati yake kwa msumeno, akakiweka juu ya shimo bila kuniambia neno. Alikuwa dereva wa kamio, yaani lori, kabla macho yake hayajachoka, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini kilichonitia hofu hakikuwa maumivu. Goti lilikuwa na tabia ya kulegea ghafla. Natembea vizuri, mara mguu unakunjika kana kwamba mtu amenipiga nyuma yake, najikuta nimekaa juu ya mawe.

Daktari wa hospitali aliinua picha ya radio, ile ya eksirei ya goti, mbele ya dirisha.

“Mama, hapa kati ya mifupa hii miwili pangepaswa kuwa na nafasi. Unaiona?”

“Siioni.”

“Hata mimi siioni. Mufupa iko nasugua mufupa.”

Akanieleza kwamba dawa zingepunguza maumivu tu, na kwamba njia iliyobaki ni kuliondoa goti na kuweka lingine, la chuma na plastiki. Nilimuuliza lile la zamani huwa linapelekwa wapi. Nadhani alitegemea swali lingine. Akasema goti jipya linaagizwa kutoka mbali, litachukua miezi, na kwamba katika miezi hiyo niende kwa kine, yule anayefundisha wagonjwa kunyoosha viungo, chumba cha mwisho kabisa kwenye korido.

Kine alikuwa dada kijana, mrefu, mwenye mikono ya baridi. Alinilaza kwenye godoro, akaingiza kiganja chake chini ya goti langu bovu.

“Kandamiza mukono yangu, mama. Na nyuma ya goti. Sukuma.”

Nilisukuma. Yeye akangoja.

“Umeanza?”

“Nimeshasukuma.”

“Bado sijasikia kitu.”

Akahamisha kiganja kwenye mguu wa kushoto, nikasukuma, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanishikisha mapaja yangu mwenyewe, mkono mmoja huku, mwingine huku. La kushoto lilikuwa paja. La kulia lilikuwa laini kama unga uliokandwa. Nilikuwa nimeishi nalo na sikuwa nimeona.

“Goti ikiuma, mutu anapumuzisha muguu,” alisema. “Musuli unalala. Ukilala, unapunguka. Ndiyo maana goti inakuangusha.”

“Lakini goti lenyewe si mutalitoa? Juu ya nini nifanyie mazoezi kitu cha kutupwa?”

“Goti ndiyo tutatoa. Musuli hatutoi. Utabaki nao huo huo. Na kisha kukupasua utapoteza nguvu tena, kila mutu anapoteza. Sasa ukiingia na kidogo hivi, utatoka na nini?”

Nilimuuliza kama msuli wa mtu wa umri wangu unaweza kukua tena. Akasema unaweza, polepole, lakini unaweza. Nilirudi nyumbani juu ya moto, pikipiki ya kukodi, nimemshika dereva kiunoni, nikifikiria jambo hilo moja. Goti la chuma halikunishangaza sana, maana watu hutengeneza vitu vya kila aina. Nilichoshindwa kuacha kukifikiria ni kwamba mwili nilioudhani umemaliza kazi yake ulikuwa bado unaweza kuongezeka.

Mazoezi yenyewe ukiyatazama hayana maana. Unalala chali, taulo lililokunjwa chini ya goti, unalikandamiza mpaka kisigino kinyanyuke. Unauinua mguu ukiwa umenyooka. Unakaa kitini na kusimama bila kushika kitu, mikono imekunjwa kifuani. Unapanda kipandio kifupi na kushuka. Mume wangu alitengeneza kipandio kwa mbao zilizobaki tulipoziba ukuta wa jikoni. Mimi nilishona kifuko cha kitenge kikuukuu, nikakijaza mchanga wetu mweusi, ambao ni volkano iliyosagika na ni mzito kuliko unavyoonekana, nikawa nakifunga juu ya kifundo cha mguu.

Kine alitaka nikaze msuli na kuhesabu kabla ya kuachia. Mimi nilikuwa napotea katikati ya hesabu, kwa sababu nilikuwa natazama paja linavyotetemeka. Nikaona afadhali nikaze kwa muda wa Salamu Maria moja. Nilipomwambia, alikubali.

“Sawa. Lakini usiikimbize.”

Nilikuwa na uzi wa kufumia ambao nilizungusha pajani siku ya kwanza na kuufunga fundo. Nilitaka kuona kama fundo litakuja kubana. Wiki zilipita na halikubana. Nilimlalamikia kine, naye akaniambia nguvu huja kabla ya unene, kwamba kwanza msuli unajifunza kuamka wote kwa pamoja, ndipo unanenepa. Hilo nalo lilinipa kazi ya kufikiri. Kumbe unaweza kuwa na kitu mwilini na nusu yake haifanyi kazi kwa sababu hakuna aliyeiita.

Katika parseli yetu, kiwanja tunachoishi, tulikuwa na nyumba ndogo ya mbao tuliyompangishia mama mmoja mjane kutoka Rutshuru. Alikuwa amekimbia rebelioni ya awali, vita vya waasi wa miaka ya nyuma, akabaki Goma. Sisi ni Wanande wa Butembo, Wakatoliki. Yeye alisema Kinyarwanda na kusali kwa Waprotestanti. Tulikuwa tumeishi kwa kusalimiana tu, na kuazimana chumvi. Asubuhi moja alikuja kuomba makaa akanikuta nimelala kwenye mkeka, mguu juu, midomo inasali.

“Mwalimu, unafanya nini na huo muguu?”

“Ninautayarisha kwa docta.”

“Docta anapenda miguu ya namna gani?”

Nilicheka mpaka nikaushusha. Nikamweleza yote, goti la chuma, msuli uliolala. Akavuta kiti akakaa, akakunja mikono kifuani kama nilivyomwonyesha, akasimama. Akakaa, akasimama. Alikuwa mkubwa kwangu. Nilimuuliza alifanya nini katika maisha yake.

“Nililima. Shamba yetu ilikuwa juu ya mulima na maji ilikuwa chini.”

Nilitazama miguu yake kwa namna ambayo labda si adabu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya ubao miaka yote, na mkono wangu wa kulia hadi leo una nguvu. Yeye alikuwa na paja la mtu anayeshuka na kupanda. Lakini nilipomwambia asimame kwa mguu mmoja, aliyumba akashika mlango, na jambo hilo lilimuudhi. Kesho yake alirudi na kiti chake. Tangu hapo tulifanya pamoja, mbele ya jikoni, kabla jua halijawa kali. Yeye alipima kwa ubeti wa wimbo wa kanisani kwao, ambao ulikuwa mrefu kuliko Salamu Maria, na hakukubali kuuacha katikati. Miguu yake ilitetemeka, sauti ikatetemeka pamoja nayo, na mume wangu aliyekuwa ananyoa ndevu alilazimika kuacha wembe kwa kicheko.

Siku ya kupasuliwa ilikuwa imekwisha kupangwa wakati volkano ilipolipuka. Ilikuwa wakati wa chakula cha jioni. Mbingu upande wa mlima ilikuwa nyekundu, watu wakatoka nje na vijiko mikononi. Moto uliteremka ukala vijiji na nyumba nyingi, ukasimama kwenye ukingo wa mji. Tulidhani imekwisha. Lakini ardhi ilianza kutikisika, mchana na usiku, ukuta wetu ukapasuka, barabara zikafungua midomo. Kisha asubuhi moja redio ikatangaza kwamba watu wa kartie zetu, yaani mitaa yetu, waondoke mara moja, kwa sababu moto huenda uko chini ya miguu yetu.

Pikipiki za kukodi zilikuwa zimejaa, zinapita na familia nzima juu. Mume wangu alichukua mfuko mmoja. Jirani yangu, yule mjane, alifunga godoro lake akalitia kichwani. Mimi nilichukua fimbo. Tukaelekea magharibi, njia ya Sake, pamoja na mji wote. Sijui kueleza msongamano ule. Kulikuwa na mbuzi, magodoro, wagonjwa ndani ya mikokoteni, na watu waliovaa makoti mawili ili wasiyabebe.

Goti liliuma, sitadanganya. Liliuma tangu mlangoni. Lakini nilikuwa natembea nikilingojea lilegee, kama unavyomngojea mtu ambaye huwa hakosi, na halikulegea. Nilikaza paja kila hatua, kama nilivyofundishwa, nikitazama mbele na si chini. Tulipita ile sehemu yenye mawe makali na mteremko, ambapo zamani ningekaa kitako na kujikokota. Mume wangu alikuwa ananitazama kwa pembeni.

“Leo halijakuangusha,” alisema.

“Usilikumbushe,” nikamjibu.

Tulifika Lac Vert, nje ya mji. Hapo nilikaa juu ya jiwe na nilijua sitasimama tena kwa muda. Mguu mzima ulikuwa unawaka. Jirani yangu aliweka godoro chini, akasimama katikati ya barabara mikono imenyooshwa, mbele ya kamio iliyokuwa inakwenda Sake. Dereva alisimama, sijui kwa huruma au kwa hofu. Kamio ilikuwa juu sana. Ilibidi nikanyage gurudumu kwa mguu wa kushoto, kisha ukingo kwa mguu wa kulia, na kujiinua. Mume wangu alivuta kutoka juu na jirani akasukuma kutoka chini, lakini katikati kulikuwa na kitambo kidogo ambapo uzito wangu wote ulikuwa juu ya lile goti bovu, na lilinyooka. Nilihisi likinyooka. Ndani ya kamio niliendelea kulishika paja langu kwa mikono miwili njia yote.

Sake tulilala katika darasa la shule, familia nyingi, madawati yamesukumwa ukutani. Sikuwa na kazi ya kufanya wala kitabu, basi asubuhi nilikaa kwenye dawati nikaanza kunyoosha miguu. Wanawake wakatazama. Mmoja aliuliza kama ni ugonjwa au ni sala. Jirani yangu ndiye aliyejibu, kwa Kinyarwanda na kisha kwa Kiswahili, na nikasikia maneno ya kine yakitoka mdomoni mwake yakiwa yamegeuka kidogo: musuli ni kama mulinzi, ukilala, nyumba inaingiliwa. Kulikuwa na kipande cha chaki. Nikasimama ubaoni nikachora mfupa wa paja, na safari hii nikauvalisha msuli wa mbele, wenye vichwa vyake vinne vinavyokutana juu ya goti. Sikuwa na uhakika wa kila mstari. Niligusa paja langu nikachora, nikagusa tena nikafuta. Wanawake kadhaa walikaa kwenye madawati, tukasimama na kukaa pamoja, na mmoja mwenye mimba alisema mgongo wake umepata nafuu, ingawa hilo sikuliahidi.

Tuliporudi mjini, nyumba ilikuwa imesimama na mwanya ukutani. Nilikwenda hospitali. Daktari alisema mzigo wenye goti langu ulikuwa umekwama njiani, hajui wapi. Nikaambiwa ningoje. Kisha vita vikarudi. Waasi waliteka Rutshuru, wakasogea, na watu waliowakimbia walijenga vibanda vya turubai kuuzunguka mji, hata pale Lac Vert nilipokuwa nimekaa juu ya jiwe. Goti lilipofika hatimaye, likiwa limepitia nchi ya jirani, vitanda vya upasuaji vilikuwa na watu waliopigwa risasi.

“Iko hapa, mama,” daktari aliniambia, akionyesha kabati. “Kitanda ndiyo hakiko.”

Mlango wa wodi ulikuwa wazi. Nilimwona mama mmoja wa umri wangu, mguu wake umefungwa mpaka nyonga, akitazama dari. Nilisema nitangoja. Si kwamba nilikuwa mwema. Hakukuwa na kitu kingine cha kusema.

Kine alinipokea kama kawaida. Nilimuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. Mtu anajitayarisha vipi kwa siku isiyojulikana? Mwanariadha anajua siku ya mashindano.

Alikaa kwenye ncha ya godoro. “Hata mimi sijui, mama. Kitabu inasema wiki kadhaa mbele ya kupasuliwa. Haisemi juu ya watu wa Goma. Endelea tu. Ukichoka, punguza, lakini usiache.”

Akaniongezea mchanga kwenye kifuko.

Wakati ule ndipo nilipogundua kwamba jirani yangu hatoki tena na kiti chake. Makaa yalikuwa yanawaka ndani kwake, mlango umefungwa. Siku hizo watu kwenye avenyu, barabara ya mtaa wetu, walikuwa wameanza kuwasema wote wanaosema Kinyarwanda kwamba ni wa upande wa waasi. Waasi hao ndio walioichukua nyumba ya kaka yake, ambaye alikuwa analala kwenye kibanda cha turubai na watoto wake. Lakini midomo ya avenyu haikuuliza hayo. Nilibeba kiti changu mpaka mlangoni kwake nikakaa, nikaanza kunyoosha mguu. Baada ya muda mlango ukafunguka.

“Mwalimu, rudi kwako. Watakusema na wewe.”

“Waache waseme. Mimi peke yangu nasahau mguu gani nimefanya.”

Alivuta kiti chake, akakiweka nusu ndani, nusu nje. Kwenye bomba la maji mama mmoja aliniuliza, mbele ya wengine, ninafanya nini kila siku na yule mtu.

“Tunanyoosha miguu,” nilimwambia.

Nilijaza bidoni yangu ya maji nikaondoka.

Nilipasuliwa katika kipindi ambapo mapigano yalikuwa yametulia. Nilipigwa sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Waliweka pazia la kijani kifuani kwangu. Hakuna aliyenitayarisha kwa zile sauti. Nilisikia msumeno, kisha nyundo. Nyundo kabisa, kama ya seremala, ko, ko, ko, na mwili wangu ukitikisika kitandani bila maumivu yoyote. Nilijua ni mfupa wangu unaopigwa, ule ambao nilikuwa nauchora bila kutazama.

“Docta,” nilisema kupitia pazia, “mutakapomaliza, naomba kuona.”

Wakamaliza kupiga. Kisha muuguzi akaniletea kwenye sahani ya chuma vipande vilivyotolewa. Nilitegemea kitu kilichooza. Vilikuwa vimesuguliwa vikang’aa, vyeupe, laini kama mpini wa jembe la zamani, na pembeni kulikuwa na vijipu vya mfupa vilivyoota bila mpango. Mwili ulikuwa umejaribu kujirekebisha mahali pasipofaa. Nilivitazama mpaka muuguzi akasema mkono wake umechoka.

Ningependa kuandika kwamba kwa sababu ya mazoezi sikuumia. Niliumia kiasi kwamba, sindano ilipoisha, nilimwomba mume wangu aondoke ili asinisikie. Mguu ulivimba, ukawa na rangi ya bilinganya. Na kine alipokuja kesho yake na kuniambia nikaze paja, nililiita na halikuja. Lile paja nililolitumikia muda wote huo lilikuwa limenyamaza. Nililia. Sikulia kwa maumivu, nililia kwa hasira, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake bora amesimama mbele ya mkaguzi akakosa jina lake.

“Limeshituka tu,” kine alisema. “Ngoja. Ita tena.”

Niliita kwa Salamu Maria moja, na nyingine. Katikati ya sala ambayo sikumbuki ilikuwa ya ngapi, chini ya bandeji kitu kilitikisika, kidogo sana. Kine alikiona kabla yangu. Alicheka, akanishika mkono, akanisimamisha. Nilisimama nikishika kile kifaa cha miguu minne, na mguu wangu wa kushoto na mikono na mapaja yote yalijua la kufanya, kwa sababu kukaa na kusimama nilikuwa nimekufanya mpaka kumekuwa kama kupumua. Hapo ndipo nilipoelewa kine alikuwa ananipa nini. Hakunipa mguu usioumia. Alinipa mwili uliokwisha kuijua njia, ili siku ile nisiwe najifunza na kuumia kwa wakati mmoja.

Kukunja goti ndiko kulikonishinda. Kunyoosha lilinyooka, kukunja likakataa, na kwa majuma mengi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikivuta kisigino nyuma na shuka huku jirani yangu akinikalia mbele na bakuli la maziwa ya mgando, hanipi mpaka nimevuta.

Nilikuwa natembea na fimbo moja tu waasi walipoingia Goma. Tulilala chini siku zile za risasi, sote watatu katika chumba kimoja, kwa sababu ukuta wetu ni wa mawe na wa jirani yangu ni wa mbao. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Kulipotulia kidogo watu walitelemka ziwani kuchota, nami nikaenda na bidoni ndogo. Nilitelemka yale mawe kwa mguu wenye chuma, nikapanda. Hakuna aliyenitazama. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake, na wengine walikuwa wamepoteza watu. Njiani nilipita karibu na vitu ambavyo sitaviandika.

Baadaye barabara ya Rutshuru ilifunguka na jirani yangu akasema anakwenda kuona kama shamba bado liko. Kaka yake alikuwa amevunja kibanda, wanakwenda pamoja. Nilimsindikiza mpaka kwenye kamio. Alikanyaga gurudumu akapanda bila kusukumwa na mtu, kisha akainama akaniuliza kama nitaendelea asubuhi.

“Nitaendelea.”

“Usifupishe sala,” alisema.

Hunipigia simu mtandao ukipatikana. Shamba liko, nyumba haiko.

Kitu ambacho siwezi bado ni kupiga magoti. Nilijaribu chumbani, juu ya mto. Hakukuwa na maumivu, bali hali ya ajabu, kana kwamba nimepiga magoti juu ya kitu cha mtu mwingine. Nilimuuliza padri, akaniambia nibaki nimekaa, Mungu ameona radio yangu. Basi wengine wanapopiga magoti mimi nabaki kwenye benchi, na mbele yangu kunakuwa na safu ya nyayo za viatu. Sikuwahi kuziona kabla. Kuna kiatu kilicholika upande wa nje, kuna jozi nyingine iliyolika kisigino kimoja tu, cha kulia, na cha kushoto ni kipya. Najua ninapaswa kusali. Lakini naanza kukisia ni nyonga au ni goti, na ni la nani, na misa ikiisha nangoja mlangoni nione ni nani atakayeshuka ngazi akishika ukuta.